Shaba katika Ini: Historia ya Maradhi ya Wilson

Shaba ni madini yenye heshima ya kale. Binadamu ameifua kuwa sufuria, sarafu, bangili na nyaya, lakini ni wachache wakumbukao kuwa madini hayo yamo pia ndani ya miili yao. Kila siku mtu hula shaba kidogo sana, yapata miligramu moja au mbili, iliyomo katika maini, korosho, kunde na nafaka. Bila ya kiasi hicho mwili hauwezi kuishi; na kikizidi, mwili hauwezi kustahimili. Mshika mizani ni ini. Huchukua shaba kutoka katika damu, likatumia sehemu yake, na iliyosalia likaitoa kwa njia ya nyongo. Historia ya maradhi ya Wilson ni historia ya mizani iliyoharibika tangu tumboni mwa mama, na ya watu waliotumia zaidi ya miaka 80 kutafuta mahali ilipoharibikia.

Katika mwaka wa 1912, Samuel Alexander Kinnier Wilson, tabibu aliyezaliwa Marekani na kusomea Edinburgh, alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya maradhi ya mishipa ya fahamu iliyoko Queen Square, London. Mwaka huo alichapisha katika jarida la Brain makala iliyopita kurasa 200. Humo alieleza habari za vijana ambao mikono yao ilianza kutetemeka, ulimi ukawa mzito, viungo vikakakamaa, mate yakawatiririka, mpaka wakashindwa kula na kusema, kisha wakafa. Miili yao ilipopasuliwa, mambo mawili yalionekana pamoja. Sehemu fulani zilizo ndani kabisa ya ubongo zilikuwa zimeharibika, na ini lilikuwa limekuwa gumu, lenye vinundu na makovu, kama ini la mlevi wa miaka mingi. Walakini hawa walikuwa vijana, na wengi wao hawakulalamikia ini wakati wa uhai wao.

Wilson hakuwa wa kwanza kuwaona wagonjwa wa namna hiyo. Gowers, tabibu wa hospitali hiyo hiyo, alikwisha andika habari za mmoja wao mwaka 1888. Sifa ya Wilson ni kuwa alikusanya mifano iliyotawanyika, akaiweka pamoja na mifano yake mwenyewe, akaonyesha kwamba yote ni maradhi mamoja. Alikisia kuwa kuna sumu inayohusiana na ini, nayo ndiyo inayoudhuru ubongo. Hapo alikaribia sana ukweli. Aliona pia kuwa maradhi hayo hushika ndugu wa nyumba moja, lakini hakukubali kwamba hurithiwa. Hapo aliukosa. Alifariki mwaka 1937 bila ya kuijua sumu yenyewe, na jina lake likabaki katika maradhi ambayo aliyaeleza lakini hakuweza kuyatibu.

Jambo la kusikitisha ni kuwa alama ya sumu hiyo ilikuwa imekwisha onekana, tena mahali pa wazi kuliko pote, yaani katika jicho. Mwaka 1902 Kayser, na mwaka 1903 Fleischer, matabibu wa Ujerumani, walieleza habari za wagonjwa waliokuwa na duara la rangi ya kijani na kahawia pembezoni mwa kioo cha jicho. Mwaka 1912, mwaka ule ule wa makala ya Wilson, Fleischer alilihusisha duara hilo na maradhi ya ini na mishipa ya fahamu. Mwaka uliofuata, 1913, Rumpel alipima ini la mgonjwa wa namna hiyo akakuta shaba nyingi kupita kiasi. Basi katika muda wa miaka miwili jibu lilikuwa karibu kukamilika, ila vipande vyake vilikuwa katika mikono mbalimbali. Mwenye kujua ubongo hakulitazama jicho, na mwenye kupima shaba hakuwa na dawa. Kisha ikaja vita ya mwaka 1914, na kwa zaidi ya miaka 30 vipande hivyo havikuunganishwa.

Vilipounganishwa, vita nyingine ilikuwa imepita, na ajabu ni kuwa vita hiyo ndiyo iliyoleta dawa ya kwanza. Katika Vita Kuu ya Pili, Rudolph Peters na wenzake katika Oxford walitafuta kinga ya gesi ya sumu iliyotengenezwa kwa aseniki. Waliunda dawa iliyoitwa BAL, ambayo huishika aseniki na kuitoa mwilini. Ikajulikana baadaye kuwa hushika madini mengine pia. Mwaka 1948 Cumings wa London alithibitisha kuwa ubongo na maini ya wagonjwa wa Wilson yamejaa shaba, akashauri BAL ijaribiwe. Mwaka 1951 yeye kwa upande wake, na Denny-Brown na Porter katika Boston kwa upande wao, walitangaza kuwa baadhi ya wagonjwa walipata nafuu. Kwa mara ya kwanza, maradhi yaliyohesabiwa kuwa hukumu ya kifo yalirudi nyuma.

Nafuu hiyo ilinunuliwa kwa uchungu. BAL ilichanganywa na mafuta ya karanga na kupigwa sindano ndani ya misuli, nayo iliuma sana. Nguvu yake ilififia kadiri siku zilivyopita. Mgonjwa aliyepaswa kutoa shaba maisha yake yote hangeweza kuishi kwa sindano hizo.

Aliyepata njia nyepesi zaidi alikuwa John Walshe, tabibu Mwingereza aliyekuwa akifanya utafiti wa ini. Miaka kadhaa kabla, katika London, alikuwa ameona katika mkojo wa wagonjwa waliotumia penisilini kitu kiitwacho penisilamini, ambacho ni kipande cha penisilini iliyovunjika mwilini. Mwaka 1955, akiwa Boston, Denny-Brown alimwita amtazame mgonjwa wa Wilson. Walshe alifikiri kuwa umbo la penisilamini lingeweza kuishika shaba na kutoka nayo katika mkojo. Ilipopatikana kiasi kidogo, aliimeza kwanza yeye mwenyewe, na alipoona haikumdhuru akampa mgonjwa. Shaba katika mkojo wa mgonjwa ikapanda. Mwaka 1956 alitangaza matokeo hayo katika jarida la Lancet. Tangu hapo iliwezekana kuyatibu maradhi ya Wilson kwa dawa ya kumeza.

Hata hivyo penisilamini haikuwa dawa isiyo na madhara. Wako waliopatwa na homa na vipele, wako walioharibikiwa na figo, na baadhi ya wale waliokuwa na dalili za ubongo walizidiwa mwanzoni badala ya kupona. Kwa ajili ya wagonjwa wasioweza kuistahimili, Walshe alitangaza mwaka 1969 dawa nyingine, trientini. Wataalamu wa Uholanzi walifuata njia tofauti. Schouwink alionyesha mwaka 1961 kuwa madini ya zinki huzuia shaba isiingie mwilini, kwa kuwa huamsha katika ukuta wa utumbo protini inayoishika shaba mpaka chembe za ukuta huo zinapobanduka na kutoka na choo. Marekani iliidhinisha zinki kwa kazi hiyo mwaka 1997.

Wakati dawa zilipokuwa zikitafutwa, swali la asili lilibaki: kwa nini shaba hukusanyika? Hall alikuwa amekwisha toa hoja mwaka 1921 kuwa maradhi haya hurithiwa kwa namna iliyofichika, na Bearn alilitia nguvu jambo hilo katika miaka ya 1950 kwa kuchunguza jamaa za wagonjwa. Namna hiyo ya urithi ni hii. Kila mtu hupata nakala mbili za kila jeni, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye nakala moja mbovu haugui, na aghalabu hajui kuwa anayo. Wawili wa namna hiyo wakioana, kila mtoto wao ana nafasi moja katika nne ya kupata nakala mbovu zote mbili. Ndiyo maana wazazi huwa wazima na watoto huugua, na ndiyo maana urithi huu ulijificha hata mbele ya macho makali kama ya Wilson.

Mwaka 1948 Holmberg na Laurell wa Sweden walikuwa wameeleza seruloplasmini, protini ya rangi ya buluu inayochukua shaba katika damu, na mwaka 1952 ikagunduliwa kuwa wagonjwa wengi wa Wilson wana upungufu wake. Wengi wakadhani chanzo kimepatikana. Sivyo, upungufu huo ulikuwa tokeo tu. Chanzo chenyewe kilijulikana mwaka 1993, makundi ya watafiti wa Toronto, Boston na New York yalipoipata jeni iitwayo ATP7B katika kromosomu ya 13. Jeni hiyo hutengeneza pampu ndani ya chembe za ini. Pampu ikiwa nzima, huitia shaba katika seruloplasmini na kuisukuma iliyozidi kwenye nyongo. Ikiwa mbovu, shaba hubaki, huliunguza ini polepole, kisha humwagika katika damu na kufika ubongoni na machoni. Zaidi ya kasoro 500 za jeni hiyo zimekwisha andikwa, na ndugu wawili wenye kasoro ile ile huweza kuugua kwa namna mbalimbali, huyu ini, yule ubongo. Kwa sababu kasoro imo inini, mgonjwa apandikizwaye ini jingine hupata pampu nzima. Upandikizaji wa namna hiyo ulitangazwa katika Lancet mwaka 1971.

Lakini faida kubwa ya elimu hii haiko kwa yule aliyekwisha lala kitandani. Iko kwa nduguye. Mwaka 1968 Sternlieb na Scheinberg walionyesha kuwa mtu mwenye maradhi haya akianza dawa kabla ya dalili, huweza kuepukana nayo. Kwa hiyo mgonjwa mmoja akitambuliwa, kaka na dada zake wapaswa kupimwa. Wilson aliona ndugu wakifuatana kaburini na hakuwa na la kufanya. Leo kufuatana huko kwaweza kukomeshwa kwa vidonge.

Sharti ni moja tu, nalo ni kutambua. Maradhi haya ni adimu. Kwa kawaida husemwa kuwa humpata mtu mmoja katika kila 30,000. Kijana anayetetemeka, anayesema kwa kukokota ulimi, au aliyebadilika tabia ghafla, aweza kudhaniwa mlevi, mwenda wazimu au mtu aliyerogwa. Mwenye macho ya manjano aweza kuambiwa ana homa ya ini na kurudishwa nyumbani. Ilhali taa ya kutazamia macho, kipimo cha damu na mkojo wa siku moja aghalabu hutosha kuleta shaka iliyo njema. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Maradhi ya Wilson yamo ndani zaidi ya nguo, katika pampu ndogo isiyoonekana kwa macho. Lakini alama yake hujiandika katika jicho, na imekuwa ikisomeka huko tangu mwaka 1902 kwa kila atakayetazama.