Jina la Shahidi: Mafunzo ya Arusha juu ya Adabu ya Kuchapisha Elimu

Mtu atokaye mjini Arusha kwa barabara ya Moshi, akapita Tengeru na Usa River, kisha akageuka kaskazini kuuzunguka mlima Meru, hufika Engare Nanyuki, nchi ya mashamba na malisho iliyo mguuni pa mlima upande wa mashariki. Abakiye mjini hana haja ya safari hiyo. Ataliona jengo kubwa la Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, ambamo kwa miaka ishirini hivi mahakama ya Umoja wa Mataifa ilisikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda. Mahali hapa pawili pana historia mbili ambazo si desturi kuzisimulia pamoja. Katika ya kwanza watu walitaka majina yao yatajwe duniani. Katika ya pili watu walitaka majina yao yafichwe. Nia ya insha hii ni kuonyesha kwamba matakwa hayo mawili yana asili moja, na kwamba mwenye kuchapisha elimu katika zama hizi za intaneti hawezi kuitwa mwaminifu asipoijua asili hiyo.

Tuanze na Engare Nanyuki. Baada ya Vita Kuu ya Pili Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini wa Umoja wa Mataifa chini ya utawala wa Uingereza. Jaji Mark Wilson alipewa kazi ya kuchunguza mambo ya ardhi katika wilaya za Arusha na Moshi, naye akashauri kwamba mashamba ya walowezi yaunganishwe yawe eneo moja lisilokatizwa na makazi ya Waafrika. Kwa shauri hilo Wameru wa Engare Nanyuki walikuwa jambo la kuondolewa katika ramani. Tarehe 17 Novemba 1951 kazi ya kuwahamisha ilianza. Watu wapatao 3,000 walitolewa katika ardhi yao. Nyumba zilichomwa moto, mifugo ikaswagwa, na wenyewe wakaambiwa waende King'ori, nchi ya chini yenye joto.

Wameru hawakujibu kwa silaha. Walichanga fedha, wakaandika maombi, wakamtuma mtu wao Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Mwaka 1952 shauri lao lilifika New York, likasikilizwa na Baraza la Udhamini, na baadaye na Kamati ya Nne ya Baraza Kuu. Japhet hukumbukwa kuwa Mtanganyika wa kwanza kusema mbele ya Umoja wa Mataifa. Kamati iliunga mkono azimio la kuwarudishia Wameru ardhi yao. Lakini lilipofika katika Baraza Kuu mwezi wa Desemba, azimio hilo lilikosa theluthi mbili ya kura, likaanguka.

Kura iliwashinda, lakini maneno yao hayakupotea. Mwaka 1967 East African Publishing House ya Nairobi ilitoa kitabu cha habari za shauri hilo, na waandishi wake walikuwa wawili: Kirilo Japhet na Earle Seaton. Yafaa msomaji atue hapa kidogo. Katika vitabu vingi vya wakati ule mtu wa kijijini alikuwa mtoa habari tu. Aliulizwa, akajibu, na majibu yake yakachapwa chini ya jina la mtu mwingine. Kama alishukuriwa, alishukuriwa katika dibaji, tena mara nyingine pasipo jina. Hapa mleta maombi amesimama juu ya jalada bega kwa bega na wakili wake. Si heshima ndogo. Jina juu ya jalada lina maana kwamba mtu ni mwenyewe wa maneno yake, aweza kuyatetea, na aweza kuulizwa juu yake.

Tena twaweza kuona katika kitabu hicho hicho upungufu ambao haujatuacha. Kiliandikwa kwa Kiingereza. Wengi wa watu ambao nyumba zao zilichomwa hawakuweza kuisoma habari yao wenyewe. Kitabu kilikuwa shahidi wao mbele ya dunia, lakini hakikuwa barua kwao.

Sasa turudi mjini. Tarehe 8 Novemba 1994 Baraza la Usalama, kwa azimio namba 955, lilianzisha mahakama ya kuwahukumu waliohusika na mauaji ya kimbari ya Rwanda. Na tarehe 22 Februari 1995, kwa azimio namba 977, makao yake yakawekwa Arusha. Hadi ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015 ilikuwa imeshitaki watu 93, na mashahidi zaidi ya 3,000 walikuwa wamesimama mbele yake. Wengi wao hawakujulikana kwa majina. Walipewa herufi. Pazia lilishushwa kati yao na watazamaji, na ilipobidi mlango ulifungwa kabisa, maneno yao yakaandikwa katika kumbukumbu ambazo umma hauruhusiwi kuzisoma.

Sababu haikuwa aibu ya kusema kweli. Mashahidi hao walitoka vilimani kwao, wakasema, kisha wakarudi kuishi karibu na ndugu na rafiki za waliowashitaki. Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, wanawake walieleza mambo ambayo mtu hayasemi hata kwa dada yake. Mmoja wao anajulikana katika hukumu kwa herufi JJ. Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama ilimtia Akayesu hatiani kwa mauaji ya kimbari, mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kutoa hukumu ya kosa hilo baada ya kusikiliza kesi, ikaamua pia kwamba ubakaji waweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Basi sheria ya dunia ilisogezwa mbele kwa maneno ya watu ambao dunia haiyajui majina yao, wala haina haki ya kuyajua.

Kazi iliyobaki ilirithiwa na chombo kingine cha Umoja wa Mataifa, kilichoanza Arusha tarehe 1 Julai 2012, na ambacho majengo yake ya Lakilaki, nje kidogo ya mji, yalifunguliwa tarehe 25 Novemba 2016. Huko ndiko ziliko nyaraka za mahakama: karatasi, kanda za sauti na za picha. Sehemu iliyo halali kwa umma yasomeka kwenye intaneti na mtu yeyote, awe Kigali, Dar es Salaam au Montréal. Lakini kabla ya kanda kutolewa hapana budi mtu aisikilize, alifute jina lililoponyoka mdomoni mwa wakili, na alifute neno litakaloonyesha nyumba ya shahidi. Ni kazi ya polepole, isiyo na sifa, na mtafiti mwenye haraka huiona kuwa kizuizi. Kwa kweli kazi hiyo ndiyo uchapishaji wenyewe, kwa maana ya kuamua ni neno lipi litoke na lipi lisitoke.

Hapa ndipo zama zetu zinapotofautiana na zama za kitabu cha 1967. Kitabu cha karatasi kilikuwa na mipaka yake. Nakala zilikuwa chache, zikakaa katika maktaba chache, na aliyetaka kumtafuta mtu ndani yake alipaswa kukisoma chote. Leo mashine hutafuta kwa nukta moja, tena huunganisha. Mtafiti mmoja ataandika kwamba shahidi wake ni mjane mwenye watoto wanne. Wa pili, akimtumia shahidi yule yule, atataja kilima anakotoka. Wa tatu ataeleza kazi aliyokuwa akifanya mume wake. Hakuna hata mmoja aliyelitaja jina, na kila mmoja anadhani mikono yake ni safi. Lakini mtu mwenye nia mbaya akiziweka karatasi hizo tatu pamoja, jina limepatikana. Wala jambo hili si la Rwanda peke yake. Mwanafunzi akiandika habari za mgogoro wa maji katika kijiji cha mtelemko wa Meru, akasema alizungumza na "mzee mmoja aliyekuwa karani wa chama cha ushirika", ameficha jina kwa msomaji wa ng'ambo tu. Kijiji kizima kinamjua karani.

Kama kuna anayedhani hatari hiyo imepita kwa sababu miaka imepita, na atazame kesi iliyotolewa hukumu Arusha mwaka 2021. Augustin Ngirabatware, daktari wa elimu ya uchumi aliyekuwa waziri wa mipango wa Rwanda, alikuwa amehukumiwa mwaka 2012. Tarehe 25 Juni 2021 alitiwa hatiani tena, pamoja na wenzake, kwa kuingilia mashahidi waliolindwa ili wayakane maneno waliyoyasema. Zaidi ya miaka ishirini na mitano baada ya mauaji yenyewe, bado ilikuwako faida ya kuwajua mashahidi na kuwafikia.

Mpaka hapa tumesema juu ya jina la shahidi. Liko jina jingine, nalo ni la mwandishi na mchapishaji, na Arusha imelitolea hukumu pia. Ferdinand Nahimana alikuwa msomi wa historia, mwalimu katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda. Alikuwa mmoja wa waanzilishi wa redio ya RTLM, iliyoanza kutangaza mwaka 1993 na ambayo mwaka uliofuata ilitaja majina ya watu ili wawindwe. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ilimhukumu kifungo cha maisha, pamoja na Hassan Ngeze, mwenye gazeti la Kangura, aliyepewa adhabu hiyo hiyo, na Jean-Bosco Barayagwiza, aliyepewa miaka 35. Tarehe 28 Novemba 2007 mahakama ya rufani iliyafuta baadhi ya mashitaka na kupunguza adhabu ya Nahimana kuwa miaka 30. Lililobaki ni hili: alikuwa na mamlaka juu ya redio ile baada ya tarehe 6 Aprili 1994, na hakuzuia maneno yaliyotoka.

Hukumu hiyo yatupasa sisi wa vyuoni kuisoma mara mbili. Hapana shaka kwamba umbali kati ya redio ya mauaji na jarida la elimu ni mkubwa, wala sitaki kuufuta. Lakini kanuni iliyo ndani yake yawahusu wote wenye kutoa maneno hadharani: aliye na uwezo wa kuzuia hawezi kujitetea kwa kusema kwamba maneno hayakuwa yake. Mhariri wa jarida la intaneti, msimamizi wa hazina ya tasnifu, mwalimu aliyeruhusu jina lake liwekwe kama mwandishi wa pili wa utafiti asioujua, wote wanauchukua mzigo huo. Majarida yanayotoza ada na kuchapa kila kitu bila kukisoma hayatendi kosa la ulaghai tu. Yanaliuza jina la mchapishaji huku yakiukataa wajibu wake.

Itasemwa, na ni haki kusemwa, kwamba elimu ni mali ya wote, na kwamba pazia likizidi huwa maficho ya wenye nguvu. Wito wa kuzifungua kazi za elimu kwa wasomaji wote bila malipo, uliotolewa Budapest mwaka 2002, ulikuwa wito wa haki, seuze kwa Afrika ambayo watu wake huchunguzwa na kisha kutakiwa kulipa ili wasome waliyochunguzwa. Mameru walitendewa vibaya pale waliposemwa na wasisikike. Kama mtunza nyaraka wa leo, kwa uangalifu uliopita kiasi, angeyafuta majina ya Wameru katika kumbukumbu za mwaka 1952, angekuwa amewahamisha mara ya pili.

Lakini kama angelitoa jina la JJ, angekuwa amelivunja pazia ambalo kwa ajili yake yule mama alikubali kusema. Je, kuna ukinzani? Sioni. Katika mashauri yote mawili jina ni mali ya mwenye nalo. Japhet alilitoa lake kwa hiari, akajua anakolipeleka. JJ alilizuia lake kwa hiari, naye alijua kwa nini. Kosa huanza pale mtu wa tatu, awe jaji wa ardhi, mtafiti au mhariri, anapojifanya mwenye kuamua bila kuuliza.

Kuuliza huku kuna masharti yake. Kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia ni lazima kwa mtafiti, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka mipaka inayopasa kuheshimiwa. Lakini kibali cha serikali si kibali cha mzee aliyeketi mbele yako. Mwanafunzi wa Tengeru au Makumira apandaye mlimani na karatasi ya ridhaa iliyoandikwa kwa Kiingereza hajauliza kitu. Na amwambie mzee, kwa Kiswahili au kwa Kimeru, kwamba maneno haya yatasomwa na watu asiowajua, katika nchi asizozijua, hata baada ya wote wawili kufa. Kwamba yakishatoka hayakusanyiki tena. Kwamba aweza kutaka jina lake liandikwe, na aweza kutaka lisiandikwe. Kisha arudi na maandishi kabla hayajachapwa, amsomee. Wazee wengine watataka jina lao liandikwe kwa herufi kubwa. Wengine watanyamaza kidogo, halafu watasema, "Andika maneno, mwanangu, jina liache." Wote wamemwambia mtafiti jambo la elimu, nalo linapaswa kutiiwa.

Barabara ya Engare Nanyuki na ile ya Lakilaki zaanzia mji mmoja, zikaelekea pande mbili. Huku kuna watu waliopigania wasikike kwa majina yao; kule zimehifadhiwa sauti za watu waliosema kwa herufi. Atakayechapisha habari za ama hawa ama wale, na ajue kwanza yuko katika barabara ipi.