Dhahabu Yetu ya Kwanza

Watoto wetu hapa Dubai wakisema ni Wakenya, huulizwa kuhusu mbio ndefu. Jamhuri hii tuwakumbushe kwamba dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ililetwa na mbio fupi.

Novemba 1962, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, Seraphino Antao wa Mombasa alishinda yadi 100 na yadi 220 mjini Perth, Australia. Yadi 100, yaani mita 91 na ushei, alizimaliza kwa sekunde 9.5. Oktoba 1964, Kenya ikishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza kama nchi huru, Antao ndiye aliyebeba bendera yetu Tokyo.

Karibu miaka 60 ikapita. Tarehe 18 Septemba 2021, uwanjani Kasarani, Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 na kuweka rekodi ya Afrika. Sisi wauguzi, tuliozoea kuhesabu mapigo, tunajua kwamba katika muda huo moyo uliotulia hupiga mara 11 hivi. Agosti 2022, mjini Birmingham, Omanyala akairudisha nyumbani dhahabu ya Antao.

Ukoo wa Antao ulitoka Goa, ukavuka Bahari ya Hindi hadi Mombasa. Nasi tumevuka bahari, tukapata riziki hapa Airport Freezone na kwingineko mjini. Basi watoto wetu waliozaliwa ugenini wajue kwamba bendera ile ni yao pia.

Heri ya Jamhuri!