Michezo ya mapangoni katika blokucheni: mgeni ajue nini?

Kwa muda wa miaka kadhaa sasa, tangu mwaka 2021, imezuka aina mpya ya michezo ya kompyuta inayochanganya mambo mawili: hadithi za mashujaa wanaoshuka mapangoni kupambana na madubwana, na biashara ya sarafu za kidijitali. Wapo walioiingia kwa ajili ya burudani, na wapo walioiingia kwa matumaini ya kupata riziki. Makala hii inaeleza chimbuko la michezo hiyo, namna inavyochezwa, yanayomkuta mgeni katika siku zake za mwanzo, na tahadhari anazopaswa kuzichukua kabla ya kutoa hata senti moja.

Chimbuko lake

Michezo ambayo mchezaji huvaa uhusika wa mtu mwingine si mipya. Mwaka 1974 Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani unaotumia karatasi, kalamu na dadu. Kila mchezaji hujichagulia mhusika, akampa sifa kama vile nguvu, wepesi na hekima, kisha dadu ikaamua kama pigo lake limempata adui au limekwenda kapa.

Mnamo 1980 ukaja Rogue, mchezo wa kompyuta ulioandikwa na Michael Toy na Glenn Wichman katika jimbo la California. Humo pango lilichorwa kwa herufi na alama za kawaida za kompyuta, na mhusika akifa, amekufa. Mchezaji huanza upya kabisa. Michezo mingi ya mapangoni iliyofuata ilirithi kanuni kutoka kwa hiyo miwili.

Blokucheni ni nini, na inaingiaje mchezoni?

Blokucheni ni daftari la kumbukumbu linalotunzwa kwa pamoja na kompyuta nyingi zilizotawanyika duniani. Kinachoandikwa humo hakifutiki kwa urahisi, na hakuna karani mmoja mwenye mamlaka ya kukibadili peke yake. Katika mchezo wa kawaida, kumbukumbu za mchezaji hukaa katika kompyuta za kampuni iliyoutengeneza. Katika mchezo wa blokucheni, mhusika na mali zake huandikwa katika daftari hilo kwa jina la pochi ya kidijitali ya mchezaji, naye anaweza kuviuza au kumpa mwenziwe bila kuomba idhini ya kampuni.

Hata hivyo, kuandika katika daftari hilo si bure. Kila tendo hulipiwa ada ya mtandao, ambayo wachezaji wameizoea kwa jina la gesi. Ada hupanda pale watu wanapokuwa wengi na hushuka wanapopungua.

Mwezi Agosti 2021, Dom Hofmann, mmoja wa waasisi wa huduma ya video ya Vine, alitoa Loot katika mtandao wa Ethereum. Ilikuwa mifuko 8,000, kila mmoja ukiwa na majina manane ya silaha na mavazi, yaliyoandikwa kwa herufi nyeupe juu ya weusi. Hapakuwa na picha wala mchezo wenyewe. Watu waliachiwa waubuni. Mifuko iliyotolewa bila malipo, isipokuwa ada ya mtandao, ilianza kuuzwa kwa maelfu ya dola katika muda wa siku chache.

Mfano wa Rarity

Septemba mwaka huohuo, mtaalamu wa programu kutoka Afrika Kusini, Andre Cronje, alitoa Rarity katika mtandao wa Fantom, ambao ada zake zilikuwa ndogo mno kuliko za Ethereum. Rarity unafaa kuwa mfano wa darasani, kwa sababu kanuni zake zote ziliandikwa katika blokucheni yenyewe na yeyote aliweza kuzisoma.

Mchezaji alianza kwa kumwita mhusika kutoka katika makundi 11, miongoni mwao mpiganaji, mwizi, malenga, kasisi, mtawa na mchawi. Kumwita hakukuwa na bei zaidi ya ada ya mtandao. Kisha kila baada ya saa 24 mhusika aliweza kutumwa safarini mara moja, akapata pointi 250 za uzoefu. Kupanda kutoka daraja la kwanza hadi la pili kulihitaji pointi 1,000, yaani safari nne. Kupanda huko hakukuja kwenyewe; mchezaji alipaswa kutuma ombi jingine, na kulipia ada nyingine.

Baada ya hapo kulikuwa na kugawa sifa. Kila sifa kati ya sita ilianzia 8, na mchezaji alikuwa na pointi 32 za kuziongezea. Kufikia 14, kila hatua iligharimu pointi moja. Juu ya hapo gharama ilipanda kwa kasi: sifa ya 16 iligharimu pointi 10 kwa jumla, na ya 18 ikagharimu 16. Kwa hiyo aliyetaka sifa mbili za 18 alimaliza akiba yake yote, na nne zilizosalia zikabaki 8. Aliyependa mizani aliweza kupata mbili za 16 na mbili za 14.

Pango la kwanza liliitwa The Cellar, yaani chumba cha chini ya nyumba. Humo nguvu za mhusika ziliamua uzito wa pigo lake, na kadiri alivyommaliza adui katika mapigo machache ndivyo alivyotoka na malighafi nyingi zaidi za kufulia silaha. Mhusika dhaifu aliyezidiwa hakufa moja kwa moja kama katika Rogue, lakini alitoka mikono mitupu, na ada yake ya siku hiyo ikawa imekwenda.

Yanayomkuta mgeni

Jambo la kwanza lililowashangaza wageni ni ukavu wa mchezo wenyewe. Aliyetarajia picha za kung'aa na muziki alikutana na orodha ya maagizo ya kompyuta. Baadaye watu wa kujitolea walijenga tovuti zenye vitufe na michoro, lakini tovuti hizo hazikuwa mchezo. Zilikuwa dirisha la kuuangalia tu. Dirisha likifungwa, mhusika alibaki daftarini, ila mchezaji asiyejua kusoma maagizo hakuwa na njia ya kumfikia.

La pili ni haraka. Ugawaji wa sifa ulifanywa mara moja tu kwa kila mhusika, na hapakuwa na njia ya kuufuta. Mgeni aliyempa mpiganaji wake akili nyingi na nguvu haba aligundua mbele ya pango kwamba sifa zilizohesabiwa humo ni nguvu, wepesi na ustahimilivu. Mhusika huyo alibaki hivyo siku zote.

La tatu ni tamaa ya wingi. Kwa kuwa hapakuwa na kikomo cha kuita, wengi walijikusanyia wahusika chungu nzima. Hesabu yake ni nyepesi: mtu mwenye wahusika 20, akimtuma kila mmoja safarini na pangoni kila siku, hutia saini maombi 40 kwa siku, na 1,200 kwa siku 30. Ada iliyoonekana kuwa si kitu siku ya kwanza huwa ni mzigo mwisho wa mwezi. Wenye ujuzi waliandika programu za kuwafanyia kazi hiyo, na mgeni akajikuta anashindana na mashine zisizolala.

La nne ni saa. Muda ulihesabiwa tangu safari iliyopita, si tangu usiku wa manane. Aliyechelewa saa mbili leo, kesho alilazimika kungoja saa mbili zaidi. Kidogo kidogo ratiba ya mchezo iliingilia saa za kazi na za kulala.

Nasaha kwa anayeanza

Kwanza, asome kanuni kabla ya kuita mhusika. Pale kanuni zinapokuwa wazi, mchezaji anaweza kujua matokeo kabla ya kulipa. Katika Rarity, agizo la kulipeleleza pango halikuwa na ada, nalo lilionyesha mhusika angetoka na malighafi kiasi gani. Aliyelitumia hakupoteza ada kwa pango lisilomlipa.

Pili, aanze na mhusika mmoja au wawili kwa muda wa wiki nzima, aandike ada zote anazolipa, kisha aamue kama aendelee. Mchezo unaomchosha mtu akiwa na mhusika mmoja hautamfurahisha akiwa nao hamsini.

Tatu, afungue pochi ya mchezo peke yake, na atie humo kiasi kidogo anachokubali kukipoteza chote. Akiba ya kodi ya nyumba au ada ya shule haipaswi kukaa katika pochi inayotembelea tovuti asizozijua.

Nne, asimpe mtu yeyote maneno ya siri ya pochi, ambayo aghalabu huwa 12 au 24. Mwenye maneno hayo ndiye mwenye pochi. Hakuna msaidizi wa kweli anayeyaomba, awe amejitambulisha kama fundi, msimamizi au mchezaji mkongwe.

Tano, asome kila ombi la ruhusa analotakiwa kutia saini. Tovuti nyingi huomba ruhusa ya kuhamisha tokeni za mchezaji bila kikomo. Ruhusa hiyo haiishi anapofunga kompyuta; hudumu mpaka aifute. Ni busara kuziweka kikomo, na kuzifuta mara kwa mara zile zisizotumika.

Sita, ajue mali iko wapi. Katika Rarity dhahabu iliandikwa kwa jina la mhusika, si kwa jina la pochi. Aliyemuuza mhusika bila kuhamisha dhahabu kwanza aliiuza nayo.

Je, ni chanzo cha kipato?

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko madubwana yote ya mapangoni. Mfano unaojulikana zaidi si wa mapangoni bali ni wa Axie Infinity, mchezo kutoka Vietnam wa kupambanisha viumbe vya kuchora. Mwaka 2021, wakati wa janga la korona, watu wengi nchini Ufilipino waliucheza kama ajira. Wasio na mtaji waliazimwa viumbe na wenye navyo, wakagawana mapato. Tokeni ya zawadi ya mchezo huo ilivuka senti 30 za Marekani katikati ya mwaka 2021; mwaka uliofuata ilikuwa chini ya senti moja. Sababu ni ya kiuchumi: zawadi zilitengenezwa kila siku kwa wingi, na thamani yake ilitegemea wageni kuendelea kuingia na fedha mpya. Wageni walipopungua, ujira ulipukutika.

Machi 2022 yakaja mengine. Wezi walivunja daraja la kuhamishia fedha kati ya mtandao wa Ronin, unaotumiwa na Axie, na Ethereum, wakachukua Ether 173,600 na dola za kidijitali milioni 25.5. Wizi huo uligunduliwa baada ya siku sita. Idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, ililitaja kundi la Lazarus la Korea Kaskazini kuwa ndilo lililohusika. Julai 2023 zaidi ya dola milioni 100 zilihamishwa kwa njia isiyo ya kawaida kutoka katika daraja jingine, Multichain, na sehemu kubwa ilikuwa ya watumiaji wa Fantom. Katika mikasa hiyo, wachezaji walipata hasara bila wao kufanya kosa lolote.

Mitandao yenyewe nayo hubadilika. Cronje alitangazwa kujitoa katika shughuli hizo Machi 2022, ingawa baadaye alirejea. Mwaka 2024 Fantom ilijigeuza kuwa Sonic, na tokeni yake ikabadilishwa kwa nyingine. Mhusika aliyeandikwa katika daftari lisilofutika huhitaji pia watu wa kuliendesha daftari hilo na wa kucheza naye. Wakiondoka, hubaki jina bila mnunuzi.

Wasomaji walioko ughaibuni wana jambo jingine la kuzingatia. Nchini Marekani, mamlaka ya kodi imezihesabu sarafu za aina hii kuwa mali tangu mwaka 2014. Nchini Uingereza, kubadilisha tokeni moja kwa nyingine kunaweza kuhesabiwa kuwa ni mauzo yanayostahili kutolewa taarifa. Anayepata chochote mchezoni anapaswa kutunza kumbukumbu za tarehe na bei. Na ndugu akipiga simu kutoka nyumbani akiomba mtaji wa kununulia wahusika kwa ahadi ya faida ya kila wiki, ni vyema aulizwe kwanza swali moja: faida hiyo inatoka mfukoni mwa nani? Ikiwa jibu ni wageni watakaoingia kesho, fedha hizo zina hatari ya kutorudi.

Kwa anayetaka kucheza kwa ajili ya mchezo, michezo hii ina ladha yake. Ina mahesabu ya kuumiza kichwa, kanuni zinazosomeka na kila mtu, na jumuiya ya watu wanaojenga juu ya kazi za wenzao. Loot Survivor, kwa mfano, ulijengwa juu ya wazo la Loot katika mtandao wa Starknet, na umeirudisha kanuni ya zamani ya Rogue: mhusika akifa, safari imekwisha. Aliyelipia ada ndogo akijua kuwa anainunua burudani ya jioni moja, akifa pangoni atakuwa amepoteza jioni hiyo na ada yake, basi.