Tangi la chini la akwaria

Tangi la chini ni chombo kinachowekwa chini ya akwaria ya maji ya chumvi, hasa ile inayofugiwa matumbawe. Maji hushuka humo kwa uzito wake kupitia tundu la juu, husafishwa, kisha pampu huyarudisha. Hita nayo hufichwa humo.

Sehemu moja ya tangi mara nyingi hutengwa kuwa refugiamu, yaani kimbilio. Humo hukuzwa mwani, kwa kawaida wa jenasi Chaetomorpha, unaofyonza nitrati na fosfati, na gegereka wadogo huzaana bila kuliwa na samaki. Taa yake huwashwa usiku, ya akwaria ikiwa imezimwa, ili pH isishuke sana.

Kosa la kawaida ni kulijaza mno tangi hili. Umeme ukikatika, maji ya juu huendelea kushuka hadi usawa wa tundu, au hadi mdomo wa bomba la kurudishia ikiwa uko chini zaidi. Akwaria ya sm 100 kwa 50 ikipungua sm 3 tu humwaga lita 15, mbali na maji ya mabombani. Nafasi hiyo huachwa wazi tangu mwanzo. Valvu ya kuzuia maji yasirudi haitoshi, kwani uchafu na konokono huikwamisha; afadhali kutoboa bomba kitundu karibu na uso wa maji, kiingize hewa.