Usukani wa Raleigh ya zamani unagonga? Hesabu nyuzi kabla ya kununua seti mpya

Kama una Raleigh ya babu ambayo bado inabeba gunia la mahindi kutoka Sitalike hadi Mpanda mjini, mlio wa usukani kugonga kwenye mawe unaujua. Wengi wakiusikia wanakimbilia dukani kununua seti mpya: vikombe viwili, koni, gololi na nati ya juu. Hapo ndipo hela inapopotea, na wakati mwingine foku nayo inaharibika.

Shida iko kwenye nyuzi, yaani ile mistari ambayo nati inaifuata ikizunguka. Bomba la foku kwenye baiskeli nyingi za zamani lina unene wa inchi 1 (mm 25.4), kwa hiyo kwa macho zote zinafanana. Lakini seti nyingi za saizi hiyo zinazouzwa sasa zina nyuzi 24 kwa kila inchi, wakati Raleigh za zamani kutoka Nottingham, Uingereza, zina nyuzi 26. Ukiweka nati ya 24 kwenye foku ya 26, inaingia mzunguko mmoja au miwili, kisha inakaza. Fundi mwenye haraka anachukua spana na kulazimisha. Nyuzi zinalika, nati haishiki tena, na usukani unaweza kulegea ukiwa kwenye mteremko na mzigo nyuma.

Kuhesabu ni rahisi. Fungua nati ya juu, weka rula ya shule pembeni ya nyuzi, piga picha ya karibu kwa simu, halafu ikuze. Kwenye nusu inchi utaona 12 au 13. Ukiwa dukani, jaribu nati mpya kwa vidole tu. Ikigoma, iache.

Ukikuta 26, usitupe vya zamani. Vikombe na koni za Raleigh ni chuma kigumu, na mara nyingi kilichoisha ni gololi na grisi tu. Inua gurudumu la mbele, zungusha usukani taratibu. Kama unanasa katikati, vikombe vimechimbika, hapo tafuta vya Raleigh nyingine iliyokufa. Kama unazunguka vizuri ila unagonga ukishika breki ya mbele na kusukuma baiskeli, huenda umelegea tu. Gololi mpya zinunue zote kwa pamoja, na nenda na moja ya zamani mkononi ili saizi ilingane.

Ukikuta 24, una uhuru zaidi, ila bado kuna vipimo viwili vya kuangalia kwa venia kalipa. Kiti cha koni chini ya foku kinaweza kuwa mm 26.4 au mm 27.0. Vikombe navyo vipo vya mm 30.2 na vya mm 30.0. Tofauti ni ndogo kuliko punje ya mchele, lakini kikombe kilicholegea kwenye fremu kitagonga tu. Phoenix na nyingine pia usiziamini kwa jina, pima.

Angalia na urefu. Seti mpya ikiwa ndefu kuliko ya zamani, nati ya juu inakosa nyuzi za kushika. Ikiwa fupi, washa inatosha.

Ukishafunga, endesha siku mbili tatu bila mzigo, kisha rudi kwa fundi akaze tena, maana vikombe vipya huchukua muda kukaa sawa.