Posho, Njia na Mwili: Mikese katika Historia ya Kubadili Mlo

Mikese, kituo cha reli kilichopo mashariki ya mji wa Morogoro, upande ambako milima ya Uluguru inashuka kuelekea bonde la Mto Ruvu, ni mahali ambapo kwa zaidi ya karne moja na nusu wamepita au kukaa watu waliotoka mbali na kulazimika kula wasichokizoea. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19, wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza na vibarua wa mashamba ya mkonge waliingia katika eneo hilo kwa sababu tofauti, lakini waliowasimamia walikutana na swali lile lile: kwa nini mtu aliyepimiwa chakula chake cha siku bado alegee, augue kichwa na kushindwa kazi? Jibu linalojitokeza katika historia hiyo ni kwamba mara nyingi tatizo halikuwa chakula chenyewe, bali kuhamishwa kwa uzito wa chakula pasipo kuhamisha mambo yanayokifanya kiwe mlo, yaani mpishi, kuni, mboga, chumvi, maji na muda wa kuzoea.

Ili swali hilo lieleweke, inafaa kwanza kueleza kinachotokea mwilini. Binadamu huhifadhi sehemu ya wanga aliokula ndani ya ini na misuli kwa umbo la glaikojeni, ambayo ni akiba ya sukari inayotumika haraka, na kila gramu ya akiba hiyo hufungamana na takriban gramu 3 za maji. Wanga unapopunguzwa ghafla, akiba hiyo hupungua sana katika siku chache, maji yake hutoka, na kwa kuwa homoni ya insulini nayo hushuka, figo huachia chumvi nyingi zaidi katika mkojo. Ndipo mtu hupatwa na kizunguzungu, kichwa kuuma na mwili kulegea ingawa hana maambukizi yoyote. Aliyezoea kahawa au chai ya rangi na kuiacha kwa mara moja huumwa kichwa kwa sababu nyingine, kwani kafeini hubana mishipa ya damu ya ubongo, na ikikosekana mishipa hiyo hutanuka; maumivu hayo huanza kwa kawaida baada ya saa 12 hadi 24 na huweza kudumu siku 2 hadi 9. Vilevile matumbo yana vijidudu vinavyosaidia kumeng'enya chakula, navyo hubadilika polepole kufuatana na mlo, hivyo unga au jamii ya kunde isiyozoeleka huweza kuleta gesi na kuharisha, na mwenye kuharisha hupoteza maji na chumvi kwa pamoja.

Mikese ya karne ya 19 ilikuwa moja ya vituo katika njia iliyotoka Bagamoyo, ikavuka Ruvu na kufika Simbamwenni, mji wenye ngome ulioanzishwa na Kisabengo karibu na Morogoro ya leo. Henry Morton Stanley alipita hapo mwaka 1871 akimtafuta mmisionari David Livingstone, na kitabu cha safari yake kinaitaja Mikese miongoni mwa vituo vya mwisho kabla ya Simbamwenni. Wapagazi wengi wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi, watu waliokulia katika ugali wa mtama na uwele, ambao huko pwani walikuta mchele, mihogo, nazi na samaki. Malipo yao ya chakula yaliitwa posho, nayo yalitolewa ama kwa nafaka ama kwa nguo na shanga za kununulia nafaka vijijini. Kipimo cha kawaida kilikuwa kibaba kimoja kwa mtu kwa siku, ambacho ni karibu robo tatu ya kilo.

Kibaba peke yake hakielezi jinsi watu hao walivyomudu safari ya miezi kadhaa. Wapagazi waligawanyika katika makundi madogo ya kula pamoja, kila kundi likiwa na chungu chake na mgawanyo wake wa kazi, huyu akitafuta kuni, yule akichota maji, mwingine akisonga ugali. Msafara nao haukuanza kwa mwendo mrefu: kambi ya kwanza ilipigwa karibu na Bagamoyo, kama ile ya Shamba Gonera aliyoitumia Stanley, na siku za mwanzo zilikuwa za kupanga mizigo, kusubiri waliochelewa na kutembea masafa mafupi. Desturi hiyo ilikuwa na sababu za kibiashara, lakini iliupa mwili nafasi ya kuzoea mzigo na chakula kwa pamoja. Tena, kwa kuwa posho iligeuzwa kuwa chakula vijijini, mpagazi aliweza kujichagulia, akanunua mtama badala ya mahindi, au akaongeza maharage, kuku, ndizi na majani ya mboga yaliyolimwa na Waluguru na majirani wao. Hayo hayakuondoa njaa wala maradhi ya njiani, lakini yaliacha uamuzi wa mlo mikononi mwa mlaji.

Uamuzi huo ndio uliopotea katika vita. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Morogoro mwaka 1907, na Mikese ikawa kituo chake. Majeshi ya Uingereza yalipoingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, majeshi ya Kijerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck yalirudi nyuma kusini ya Uluguru hadi Mto Rufiji, na Mikese ikageuka kuwa mahali ambapo shehena zilishushwa kutoka kwenye reli na kupelekwa kwa barabara hadi Duthumi, Kisaki na Rufiji. Mvua za mwanzoni mwa mwaka 1917 zilikuwa kubwa kupita kiasi. Udongo mweusi wa bondeni ulinasa magari, wanyama wa mizigo walikufa kwa ndorobo, na mzigo ukabaki vichwani mwa watu. Askari wa Kinaijeria waliokuwa Rufiji walipunguziwa chakula hadi wakaanza kutafuta mizizi na matunda ya porini.

Waliobeba mzigo huo walikuwa wa kikosi cha wapagazi ambacho jina lake la Kiingereza, likitamkwa Kiswahili, limebaki hadi leo katika soko na mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam. Walitoka Kenya, Uganda, pwani na ndani ya Tanganyika yenyewe, na waliletwa kwa mamia ya maelfu, hasa baada ya uandikishaji mkubwa wa lazima ulioendeshwa Kenya na John Ainsworth mwaka 1917. Miongoni mwao walikuwemo Waganda waliokulia katika matoke, wafugaji waliozoea maziwa, na watu wa nyanda za juu waliokula viazi, maharage na mahindi mabichi au ya punje nzima. Wote waliwekwa katika mlo mmoja ambao msingi wake ulikuwa unga wa mahindi au mchele, kwa sababu vitu hivyo ni rahisi kupima, kufunga gunia na kusafirisha.

Kwa hesabu ya bohari mlo huo ulitosha, lakini mpagazi aliyefika kambini jioni, akiwa ameloa, hakuwa na kuni kavu wala sufuria ya kutosha, na pengine hakuwahi maishani kusonga ugali, kwa kuwa kwao kazi hiyo ilikuwa ya wanawake. Unga ulioliwa nusu mbichi uliumiza matumbo na kufungua njia ya kuhara damu, ugonjwa ulioua wapagazi wengi kuliko risasi. Kabla ya kufikia hatua hiyo mwili ulikuwa umeshatoa ishara za awali, yaani uchovu usioisha kwa usingizi, kichwa kizito na kukosa hamu ya kula, ishara ambazo ni vigumu kuzitenganisha na malaria na ambazo wasimamizi wengi walizisoma kama uvivu. Mchele mweupe ulileta hatari nyingine: kapi la mpunga linapoondolewa kinuni au mashineni, vitamini B1 huondoka nalo, na anayeishi kwa mchele huo bila kitoweo hupata beriberi, ugonjwa unaoanza kwa uchovu na ganzi ya miguu na unaoweza kuishia kwenye moyo. Daktari Mholanzi Christiaan Eijkman alikwisha kuonyesha uhusiano huo kwa kuku wa Java katika miaka ya 1890, lakini elimu yake haikuwakinga wapagazi karibu 800 walioletwa kutoka Shelisheli kwenye pwani ya kusini, ambao zaidi ya robo yao walikufa kwa beriberi, malaria na kuhara.

Marekebisho yaliyofuata yana maana kubwa kwa hoja hii. Maofisa wa wapagazi, akiwemo kiongozi wao Oscar Watkins, walisisitiza kwamba afya ya wapagazi ilihitaji chakula kilichopikwa, na palipowekwa wapishi, vyungu vikubwa, maji yaliyochemshwa na nafasi ya kupumzika, hali iliboreka. Kikosi cha kujitolea cha misheni ya Kikuyu kilichoongozwa na daktari John Arthur mwaka 1917 kilipata vifo vichache kuliko vikosi vingi, na nguvu yake ilikuwa katika uangalizi wa karibu, chakula chake kikiwa cha aina ile ile. Hata hivyo kumbukumbu rasmi za Uingereza zinataja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa katika vita hivyo, na wanahistoria wengi wanaona kwamba idadi halisi ilikuwa karibu mara mbili ya hiyo.

Baada ya vita mkonge, ulioingizwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893, ulitanda kati ya Ngerengere na Morogoro, na mashamba kama Pangawe na Kingolwira yakawa majirani wa Mikese. Vibarua wa mkataba, walioitwa manamba kwa sababu walitambuliwa kwa namba, waliletwa kutoka Kigoma, Songea na hata nje ya mipaka ya Tanganyika, na kuanzia mwaka 1944 ofisi ya uandikishaji ya wenye mashamba, SILABU, iliratibu safari zao. Posho ilirudi, safari hii ikiwa hasa unga wa mahindi, maharage na chumvi. Serikali ilikuwa imeanzisha idara ya kazi mwaka 1926 chini ya Granville Orde Browne, na kambi za kupumzikia na kula ziliwekwa kwenye njia za vibarua, hatua iliyokubali, ingawa kwa kuchelewa, kwamba mtu aliyetembea wiki kadhaa hawezi kupewa kazi nzima siku anayofika. Kwa njia ya posho, ugali wa mahindi ulizidi kuchukua nafasi ya mtama na uwele katika meza za watu wengi, na kilichoanza kama chakula cha mkataba kikawa chakula cha nyumbani.

Wakati huo huo wakazi wenyewe wa Mikese na tambarare za jirani, ambao wengi wao ni Waislamu, walikuwa na njia yao ya kubadili mlo kila mwaka bila daftari la bohari. Mwezi wa Ramadhani hugeuza saa za kula, na siku zake za kwanza huja na maumivu ya kichwa, hasa kwa wanywaji wa kahawa. Desturi ya kufunga baadhi ya siku za Shaabani, mwezi unaotangulia, hutimiza sunna na hapo hapo huuzoesha mwili. Daku humpa mfungaji chakula na maji kabla ya alfajiri. Na futari ya uji, tende, mihogo, magimbi au ndizi hurudisha maji, chumvi na wanga kwa kiasi kabla ya chakula kizito.

Anayebadili mlo leo kwa hiari, akipunguza wanga au kuacha sukari na kahawa, hafanani na mpagazi wa mwaka 1917 kwa mateso, lakini mwili wake hufuata kanuni zile zile, hivyo kupunguza kidogo kidogo, kunywa maji ya kutosha, kutoacha chumvi na mboga, na kupunguza kazi nzito katika wiki ya kwanza ni mambo yenye msingi. Mwenye kisukari au shinikizo la damu anayetumia dawa anahitaji daktari kabla ya kuanza, na maumivu ya kichwa yanayoambatana na homa katika eneo lenye malaria hupaswa kupimwa kwanza, badala ya kudhaniwa kuwa ni ya mlo. Historia ya Mikese inaongeza jambo moja ambalo vipimo vya gramu havionyeshi: uchovu wa anayeanza mlo mpya ni taarifa kutoka mwilini, na gharama kubwa zaidi ililipwa pale ambapo wenye mamlaka juu ya chakula waliichukua taarifa hiyo kuwa ni kasoro ya tabia.