Farasi Hakupanda Ngazi

Katika darasa letu la baiolojia palikuwa na picha iliyobandikwa ukutani. Farasi wanne wamepangwa mstari: wa kwanza mdogo kama mbwa, wa pili kama kondoo, wa tatu kama ndama, na wa mwisho farasi mwenyewe, kichwa juu kama askari wa gwaride. Mwalimu alishika fimbo akatuonyesha mmoja mmoja. "Haya ndiyo maendeleo," akasema. "Aliyezembea kaachwa njiani."

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, mimi nilikuwa miongoni mwa walioachwa njiani. Nikarudia mtihani. Ile picha basi sikuisahau. Nilikuja kuisoma historia ya farasi nikiwa na kinyongo nayo, na kumbe kinyongo changu kilikuwa na haki.

Tuanze mwanzo. Yapata miaka milioni 55 iliyopita, katika misitu ya Amerika ya Kaskazini, aliishi mnyama mdogo mwenye vidole vinne miguu ya mbele na vitatu miguu ya nyuma. Chakula chake kilikuwa majani laini na matunda. Mwaka 1841, Mwingereza Richard Owen alieleza mabaki ya jamaa yake mmoja yaliyopatikana Uingereza. Alimwona amefanana na pimbi, akampa jina kwa mfano huo. Farasi hakumjia akilini hata kidogo! Mwaka 1876, Othniel Marsh wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alimwita yule wa kwao Eohippus, yaani farasi wa alfajiri.

Mwaka huohuo Thomas Huxley alisafiri kutoka Uingereza kwenda kumtembelea Marsh. Alikuja akiamini kwamba ukoo wa farasi ulikulia Ulaya. Marsh akamtolea mifupa, sanduku baada ya sanduku, mpaka mgeni akasalimu amri na kuubadilisha mhadhara aliokuwa ameuandaa. Huxley alichora hata katuni: mtu wa alfajiri kampanda farasi wa alfajiri. Mzaha tu huo, maana enzi za Eohippus mtu alikuwa hajatokea.

Miaka ikapita, mamilioni. Hali ya hewa ikapoa na kukauka, misitu ikapungua, nyika za nyasi zikaenea. Sasa nyasi si chakula cha mchezo. Zina chembe ngumu ndani yake, tena huliwa pamoja na vumbi. Jino fupi halichukui muda, limekwisha. Katika farasi waliofuata, kama Merychippus wa miaka milioni 17 hivi iliyopita, tunakuta magego marefu yanayozidi kuchomoza kadiri yanavyosagika. Miguu nayo ikarefuka, kidole cha kati kikabeba uzito, vya pembeni vikasinyaa. Hakuna farasi aliyekaa kikao akaamua hivyo. Waliozaliwa na meno marefu kidogo walikula miaka mingi zaidi, wakazaa zaidi, na watoto wakarithi. Haba na haba hujaza kibaba.

Ukitaka ushahidi usiende Yale. Mshike punda, ambaye ni ndugu wa farasi, mguu wa mbele chini ya goti. Utapapasa vijifupa viwili vyembamba, kimoja kila upande wa mfupa mkubwa. Ndivyo vilivyobaki vya vidole vya kale. Mimi nilimpapasa punda wa bibi anayebeba maji, nikapata somo, nikapata na teke. Fadhila za punda hizo.

Mpaka hapa mwalimu angesema, "Si unaona, ngazi hiyo!" Lakini twende Laetoli, kule Ngorongoro. Watu wengi wanajua nyayo za binadamu wa kale zilizogunduliwa pale na timu ya Mary Leakey mwaka 1978, zenye umri wa miaka milioni 3.66 hivi. Wachache wanajua kwamba katika jivu hilohilo la volkano alipita Hipparion, farasi wa vidole vitatu, na mtoto wake. Asili ya ukoo wao ni Amerika. Walivuka kuingia Asia zaidi ya miaka milioni 11 iliyopita, wakasambaa hadi kwetu. Sasa fikiri: siku ile wanapita Laetoli, farasi wa kwato moja alikuwa tayari yuko Amerika. Wa "zamani" na wa "kisasa" waliishi dunia moja, wakati mmoja. Baadaye wa kwato moja nao wakafika Afrika, na Olduvai mabaki ya wote wawili yamepatikana. Hii siyo ngazi jamani, ni mti wenye matawi mengi. Matawi mengine yaliendelea kula majani ya miti wakati wenzao wamehamia nyasi. Mengine yalipungua umbo badala ya kukua.

Na Hipparion alishindwa? Ukoo wake uliishi Afrika kwa takriban miaka milioni kumi. Sisi watu wa leo hatujafikisha hata nusu milioni. Nani ampe mwenzake alama?

Halafu tazama Amerika, nyumbani kabisa kwa farasi. Kule walitoweka wote, yapata miaka 10,000 iliyopita. Waliopona ni wale ambao jamaa zao walikuwa wamehamia ng'ambo: punda milia wetu, punda, na farasi wa nyika za Asia na Ulaya. Utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2021 unaonyesha kuwa farasi wote wafugwao leo wametokana na wale wa nyika kati ya mito Volga na Don, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Mwaka 1493 Columbus aliwapakia melini, wakarudi Amerika kama wageni katika ardhi ya babu zao.

Mwalimu wangu simlaumu. Alifundisha kilichokuwa ukutani. Ila wewe msomaji, hasa uliyebandikiwa jina la "aliyebaki nyuma", ukiiona picha ile mahali, wahesabu farasi wasiochorwa. Ni wengi kuliko waliochorwa.